Mshonaji wa Viraka wa Mugeta

Ukitoka Bunda mjini ukaipita Nyamuswa na kushika njia ya mashariki, wafika Mugeta. Ni nchi ya pamba, mtama, mihogo na ng'ombe wengi. Mbele zaidi ni mbuga za Serengeti. Wageni hupita hapa mbio, wakitamani kuona simba. Mimi ukarani wa parokia hunipeleka huko mara kwa mara, wala simba sijamwona. Walakini nimeona mablanketi ya viraka ya mama mmoja, mke wa mkulima, nami nadhani sikupata hasara.

Siku za mnada huwapitia mafundi cherehani, akiokota vipande vya vitenge na khanga vilivyoanguka chini ya miguu yao. Zamani walimpa bure. Walipoona vyageuka mali, wengine wakaanza kudai bei. Nyumbani huvifua kwanza, maana kitambaa kisichofuliwa hujikunja baadaye na kuharibu kazi nzima. Hutenga vizito na vyepesi, hukata kwa kipimo cha boksi, shubiri moja kila upande, huviunga kuwa mikanda, na mikanda kuwa uso mmoja. Katikati hutia blanketi kuukuu, ama pamba fifi ambayo watoto wameitoa mbegu jioni. Chini huweka shuka. Kisha hushona tabaka zote tatu pamoja kwa mkono, mstari baada ya mstari, ili pamba isikimbilie pembeni. Hapo ndipo kazi ilipo, kwa kuwa cherehani yake ndogo haimezi unene ule.

Tena ana daftari. Kila mwezi una ukurasa wake: juu huandika atakachoshona, chini kilichoshonwa kweli. Shabaha ya mwaka huu ni mablanketi manane, saba ya kuuza na moja la binti yake, ambaye Januari ataingia kidato cha tatu na kukaa hosteli, maana njia ya kwenda shule ni ndefu. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa tangu 2016, lakini godoro, ndoo, tranka na chakula cha hosteli havikufutwa.

Nikalifungua. Januari: mawili yaliyokusudiwa, moja lililokwisha. Februari, moja. Machi hapana kitu, ila maneno haya: "Palizi. Mama mkwe mgonjwa." Aprili: "Msiba. Nusu." Bwana ampe marehemu raha ya milele. Mei pamba ilifunguka, na mwenye shamba la pamba ajua kwamba mikono haigawanyiki. Juni akaimaliza ile nusu. Julai, usiku ulipokuwa wa baridi, akashona mawili, na mumewe, ambaye mwanzoni alicheka akisema matambara hayajengi nyumba, ndiye aliyeyabeba kwa baiskeli kwenda kuyauza. Wanaume wenzangu, mwasikia?

Hivyo yapo matano, na katikati ya Novemba jembe litamwita tena kwa upanzi.

Lililo zuri kupita yote ni lile la binti. Miraba yake myekundu ni khanga mbili za bibi yake, yule aliyefariki Aprili. Mwalimu mmoja wa Mugumu aliliona, akataka kulinunua kwa bei maradufu. Mumewe asema liuzwe, binti atashonewa jingine. Mama hakujibu.

Nikamsimulia habari za Harriet Powers, mama wa Georgia, Marekani, aliyezaliwa katika utumwa mwaka 1837. Naye aliishi katika nchi ya pamba. Alishona blanketi la picha za Biblia: Adamu na Eva, Kaini na Abeli, ndoto ya Yakobo, Karamu ya Mwisho, Bwana msalabani. Mwaka 1886 lilionyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens, na bibi mmoja mwalimu wa sanaa akataka kulinunua. Harriet akakataa. Miaka michache baadaye shida ikambana, mumewe akamshauri auze. Akataka dola 10, akapewa 5. Baada ya hapo alikwenda mara kadhaa nyumbani kwa yule bibi kulitazama. Leo limo katika jumba la makumbusho la taifa huko Washington.

Mama hakuacha kushona. Mwisho akauliza, "Karani, alipokwenda kulitazama, walimfungulia mlango?"

"Walimfungulia, mama."

"Huyu wangu yuko Mugumu. Nauli nitaitoa wapi?"

Mwalimu amesema atarudi mwisho wa mwezi. Juu ya ukurasa wa Agosti pameandikwa: "Kumaliza moja. Kumjibu mwalimu." Chini palikuwa bado peupe.