Mutueli ya Afya na Dawa za Miti



Kila mara tunapowafundisha wachumba wanaojitayarisha kwa ndoa, swali moja hurudi: mutueli ya afya ipi inafaa nyumba changa? Na mara nyingi mmoja wao huongeza: "Mwalimu, ipo inayolipa pia dawa za miti?" Swali hilo si la kuchekwa. Sisi wenyewe tulinyweshwa mubirizi na mama zetu, uchungu wake tunaukumbuka hata leo, na hakuna aliyetudai karatasi wala muhuri.

Tuanze na kazi ya mutueli. Jamaa nyingi hutoa mchango wa mwaka. Anayeugua hutibiwa kwa mchango wa wote, naye hulipa sehemu ndogo. Katika nchi yetu vyama hivyo vina sheria yao, ya tarehe 8 Februari 2017. Mutueli hufanya mapatano na vituo vya afya na hospitali, kwa bei zinazojulikana na orodha ya dawa. Ndiyo maana kwa kawaida haimlipi mganga wa kienyeji: hana bei iliyoandikwa, hana kipimo, hana fatura, wala hakuna wa kuwajibika mgonjwa akizidiwa.

Je, hiyo ni dharau kwa miti yetu? Hapana. Kinini hutoka katika ganda la mti wa kinkina, unaolimwa hapa Kivu, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimeitengeneza dawa hiyo kwa miaka mingi. Bibi Tu Youyou wa China alipokea Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuwa alipata dawa ya malaria, artemisinini, katika mmea ambao wazee wa kwao waliutumia tangu kale. Lakini kilichoingia hospitalini ni dawa iliyopimwa. Shirika la Afya Duniani halikubali majani ya artemisia yatumiwe kutibu malaria, kwa sababu kiasi cha dawa kilichomo hubadilika, na mara nyingi hakitoshi. Basi tusiseme kwamba hapa Wazungu wanashindana nasi. Tuulize tu kama dawa imepimwa au bado.

Jambo hili ni zito. Katika mashirika yetu tumemwona mama aliyejifungua kwa upasuaji, akazuiliwa hospitalini majuma mengi pamoja na mtoto wake kwa kukosa malipo, ilhali fedha za nyumba zilikuwa zimekwenda kwa waganga, kidogo kidogo, mwaka mzima. Chupa moja ya dawa ya miti haifilisi nyumba. Upasuaji mmoja huifilisi. Mutueli huchaguliwa kwa ajili ya siku hiyo kubwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa mchango, ulizeni. Tutangoja miezi mingapi kabla ya kuanza kutibiwa? Mutueli humfuata mgonjwa mpaka hospitali kuu, au huishia kituo cha afya? Kujifungua na upasuaji vimo? Sehemu yetu ya malipo ni kiasi gani? Nani anashika hazina, na je, hesabu husomwa mbele ya wanachama? Mkikuta mutueli inayosema inalipa dawa za miti, ongezeni haya: ni dawa zipi, za nani, zimepimwa wapi, na fedha hizo zinapunguza nini upande wa upasuaji? Anayeahidi kulipa kila kitu kwa mchango mdogo, siku ya shida hazina yake huwa tupu.

Anayependa mubirizi na anywe, ailipe mwenyewe, na amwambie muuguzi bila aibu, maana dawa mbili zaweza kupigana ndani ya mwili mmoja. Lakini mganga anayemtaja jirani kuwa mchawi, mkimbieni. Huyo hauzi dawa, anauza chuki.

Mkutanapo katika kikundi, chukueni kanuni za mutueli iliyo karibu nanyi, mzisome ukurasa kwa ukurasa. Anayejiunga akiwa mzima humchangia mgonjwa asiyemjua. Kesho huenda mgonjwa huyo akawa mtoto wake.