Sauti ya Mwanamke Barazani

Katika utamaduni wetu kusema mbele ya watu ni heshima, na heshima hiyo haijagawanywa sawasawa. Huku Titye, kama kwingineko katika vilima vya Buha, mwanamke asimamapo mkutanoni hutazamiwa kwanza awaamkie wazee kwa unyenyekevu na kuomba radhi, ndipo aseme lililomleta. Mwanamume akipaza sauti twamwita jasiri. Mwanamke akipaza yake twamwita mkali.

Lakini historia ya Buha inatukumbusha kwamba jambo hili si sheria ya maumbile. Mwami Theresa Ntare alitawala Heru, katika Kasulu, na mwaka 1960 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Neno mwami halikubadilika kwa kuwa aliyelibeba ni mwanamke. Hata hivyo, alisikilizwa kwa nguvu ya kiti cha ukoo wake. Mkulima wa kike aliyekuwa chini ya kiti hicho hakupewa ulimi huo.

Bibi Titi Mohamed hakuwa na kiti. Kabla ya kuwaongoza wanawake wa TANU tangu mwaka 1955, alikuwa mwimbaji katika ngoma za wanawake wa Dar es Salaam. Ngomani sauti ya mwanamke ilikuwa na ruhusa ya kupanda. Yeye aliichukua ruhusa hiyo akapanda nayo jukwaa la siasa.

Je, mambo yamekwisha? Machi 2021, katika msiba wa Rais John Magufuli, Rais Samia Suluhu Hassan aliona haja ya kuwaambia wenye mashaka kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais, mwenye maumbile ya mwanamke. Marais watano waliomtangulia hawakudaiwa maelezo ya namna hiyo. Nasi twamwita Mama: ni jina la heshima, lakini mama hutarajiwa kubembeleza hata pale anapopaswa kuamuru.

Wahenga walisema maneno mema humtoa nyoka pangoni; hawakusema maneno hayo ni wajibu wa wanawake peke yao. Wala Kiswahili hakitofautishi mbunge wa kike na wa kiume. Ubaguzi umo masikioni mwetu, na masikio hufundishwa. Basi sisi walimu, tunapoandaa mdahalo shuleni, tusimwachie msichana kutoa shukrani tu mwishoni. Tumpe hoja aifungue, apingwe, naye ajibu.