Kibao cha Njiani Si Nyumba

Mimi ni karani wa parokia. Kabla ya kazi hii nilisoma chuo cha ualimu, ndiyo sababu wakubwa kwa wadogo hapa kwetu huniita Mwalimu, ijapokuwa siku hizi sishiki chaki. Kazi yangu ni barua, vyeti, hesabu na majina ya wabatizwa. Leo nataka kuwasimulia aibu mbili zilizonipata mbele ya kompyuta ya ofisi. Sipendi kujianika, lakini najua kwamba nyumba nyingi za vijijini sasa zina kijana mwenye kompyuta, ya kwake au ya shule, na makosa niliyoyafanya mimi ni rahisi mno kuyafanya.

Aibu ya kwanza ilinipata Jumamosi moja ya kiangazi. Mzee mmoja alifika kutoka kigango cha mbali. Alikuwa ametoka kwake alfajiri kwa gari la mnadani, na gari hilo lilikuwa lirudi saa sita. Binti yake alikuwa anakaribia kufunga ndoa katika parokia ya mjini, na huko walitaka cheti kipya cha ubatizo. Cha zamani kilikwisha kuliwa na mchwa.

"Alibatizwa mwaka gani, Mzee?" nikamwuliza.

"Mwanangu, mwaka sikuushika. Ila zilikuwa zile mvua za Elnino, njia zote zimekatika."

Mvua zile zilianza mwishoni mwa 1997 zikaingia 1998. Kupekua miaka miwili katika vitabu vya parokia yenye vigango vingi si kazi ndogo. Lakini mimi nilitabasamu. Kwa muda wa miezi minane, kila jioni, nilikuwa nimepiga chapa majina yote ya vitabu vyetu vya ubatizo, na mbele ya kila jina nimeandika kitabu, ukurasa na namba. "Kaa, Mzee," nikasema, "ni dakika moja tu."

Basi nikaiwasha kompyuta. Ule uso wa kwanza, ambao vijana huuita deskitopu na vitabu huuita eneokazi, ulikuwa umejaa vipicha pande zote kama uwanja wa mnada. Baadaye nilivihesabu nikapata 94. Palikuwa na barua za mwaka juzi, picha za kipaimara, nyimbo za kwaya, na ratiba ya Pasaka iliyokwisha kupita. Katikati ya msitu huo palikuwa na mafaili manne: "ubatizo", "ubatizo mpya", "ubatizo mpya halisi" na "ubatizo mpya halisi 2".

Nilifungua la kwanza, nalo liliishia herufi ya M. La pili lilikuwa na majina ya kitabu kimoja tu. Nikaiambia kompyuta itafute yenyewe neno "ubatizo", ikaniletea orodha ndefu, na barua zote zilizowahi kulitaja neno hilo zimo. Dakika moja ikawa nusu saa, nusu saa ikawa saa nzima. Jasho lilinitoka. Mzee alikaa kimya, kofia yake magotini.

Mwisho Baba Paroko aliingia. Alinitazama, akaitazama kompyuta, hakusema neno. Alikwenda kabatini, akateremsha vitabu, akavaa miwani, akaanza kupitisha kidole jina baada ya jina. Tukalipata. Lakini gari lilikuwa limekwisha kuondoka, na yule mzee alilala kwa katekista. Hakunikaripia. Alinishukuru kwa mikono miwili, na shukrani ile iliniuma kuliko karipio.

Usiku ule sikupata usingizi mapema. Nilijiuliza: kosa liko wapi? Mashine ilikuwa nzima, na kazi niliifanya kwa bidii. Nikagundua kwamba mimi niliifanya meza kuwa ghala.

Maana hebu tufikiri. Ule uso wa kompyuta ulibuniwa kwa kuiga meza ya ofisi. Mnamo 1973 watu wa kampuni ya Xerox, huko Palo Alto katika jimbo la California, Marekani, walitengeneza kompyuta waliyoiita Alto, yenye kioo cha kuonyesha picha na kipanya cha kuongozea. Mwaka 1981 kampuni hiyo hiyo ikaanza kuuza kompyuta iitwayo Star, na juu ya kioo chake mlikuwa na vipicha vya karatasi, vya folda na vya makabati, ili karani aone mambo yale yale aliyoyazoea ofisini. Baadaye Macintosh ya 1984 na Windows 95 ya 1995 zikaieneza desturi hiyo duniani. Kwa hiyo deskitopu ni meza. Na karani mwenye akili haweki mezani kila karatasi aliyopata kuiandika maishani mwake. Karatasi hukaa kabatini, na mezani hubaki kile ambacho mkono unakihitaji leo.

Jumatatu nilianza kutengeneza. Kwanza nilijenga kabati. Ndani ya mahali pa nyaraka nilifungua folda moja kubwa, nikaiita PAROKIA. Ndani yake nikaweka tano ndogo: 01 Ubatizo, 02 Ndoa, 03 Barua, 04 Hesabu, 05 Vigango. Namba zile za mbele zina kazi yake, kwa kuwa kompyuta hupanga majina kwa kufuata namba na herufi. Ukiziweka, folda husimama kwa mpango uutakao wewe. Kisha nikavichukua vile vipicha 94 kimoja kimoja, nikavipeleka mahali pake au nikavitupa. Mafaili manne ya ubatizo niliyalinganisha siku tatu, hata yakawa moja.

Sasa meza ilikuwa tupu, lakini kabati lilikuwa mbali. Kila mara nilipotaka folda ya ubatizo ilinibidi nifungue mlango baada ya mlango. Hapo ndipo nilipojifunza habari ya njia ya mkato.

Njia ya mkato ni kipicha kidogo kinachokaa juu ya uso wa kompyuta na kuelekeza kwenye folda iliyo mbali. Ukikibofya mara mbili, folda yenyewe hufunguka mbele yako. Katika Windows utakitengeneza hivi: shikilia kitufe cha Alt, iburute folda kwa kipanya hadi kwenye uso wa kompyuta, kisha achia kipanya kwanza. Kitatokea kipicha chenye mshale mdogo kwenye pembe ya chini, upande wa kushoto. Angalia usisahau kile kitufe cha Alt. Ukiburuta bila kitufe, folda yenyewe huweza kuhama kutoka kabatini, na kesho utaanza kuitafuta.

Kuna na jambo lingine lililonifurahisha. Chagua kile kipicha chenye mshale, bonyeza Alt pamoja na Enter, na dirisha la habari zake litafunguka. Ndani yake kuna nafasi ya kuandikia kitufe cha kukiita. Mimi nilibonyeza hapo herufi U, ya Ubatizo. Tangu siku hiyo nikibonyeza Ctrl, Alt na U kwa pamoja, folda ya ubatizo huja bila mimi kugusa kipanya. Ndoa nikaipa N, barua nikazipa B. Katika dirisha lilo hilo unaweza pia kubadilisha sura ya kipicha, ili jicho lisikosee. Na kama madirisha mengine yameufunika uso wa kompyuta, bonyeza kile kitufe chenye alama ya Windows pamoja na D, nao utaonekana mara moja.

Wasomaji wapenzi, nilipomaliza nilijiona bwana mkubwa. Vipicha vitano tu, vimepangwa safu moja, kila kimoja na sura yake. Wageni walipoingia ofisini niligeuza kioo kidogo ili wakione. Na penye majivuno, anguko haliko mbali.

Miezi michache baadaye kompyuta ilianza kuwa nzito, na fundi wa mjini akasema kwamba yafaa diski yake ifutwe yote, ipakiwe programu upya. "Mwalimu," akanionya, "nakili vitu vyako kwanza." Nikachomeka flashi. Nikavichagua vile vipicha vyangu vitano vizuri, nikavinakili. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha! Nilistaajabia wepesi ule, nikauona kuwa baraka. Fundi akaniuliza tena, "Umemaliza?" Nikajibu, "Yote." Naye akafuta.

Niliporudi ofisini nilichomeka flashi, na vipicha vyangu vitano nikaviona. Nikabofya Ubatizo. Kompyuta ikanijibu kwamba kitu kinachoelekezwa hakionekani. Nikabofya Ndoa, jibu ni lile lile. Nikabofya vyote. Mikono ilinilegea. Ndipo nilipotazama uzito wake: kila kimoja kilikuwa na kilobaiti moja au mbili tu. Vyote vitano pamoja havikufikia uzito wa picha moja ya simu. Mimi nilikuwa nimebeba vibao vya njiani, na nyumba zenyewe nikaziacha zibomolewe.

Hebu fikiri mtu aliyeambiwa ahamishe nyumba ya misheni, naye aende barabara kuu, ang'oe kile kibao kinachosema "Misheni, kilometa 3", akifunge juu ya baiskeli, aseme amehamisha. Ndivyo nilivyofanya mimi, mtu wa chuo.

Namshukuru Mungu kwamba vile vitabu vya karatasi vilikuwa salama kabatini, na hakuna Mkristo aliyepotea jina. Lakini barua za miaka na ile orodha ya miezi minane vilikwenda. Nilimwendea Baba Paroko nikamweleza bila kuficha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Vitabu vipo, Mwalimu. Anza tena." Nikaanza tena. Vijana wawili waliokuwa wakingoja matokeo ya kidato cha nne walikuja jioni kunisaidia, mmoja akisoma majina kwa sauti, mwingine akinisahihisha, nami nikipiga chapa. Safari hii hatukutumia miezi minane, bali mitano.

Siku hizi nafuata sheria nne, nami nawapa ninyi na watoto wenu bila malipo.

Ya kwanza: uso wa kompyuta ni meza. Weka hapo njia za mkato chache za vitu unavyovitumia kila siku, basi. Faili lenyewe likae kabatini.

Ya pili: tazama mshale. Kipicha chenye mshale ni kibao. Ukikifuta, folda yake haidhuriki. Lakini ukiifuta folda, kibao hubaki kikielekeza mahali patupu.

Ya tatu: faili moja, jina moja. Ukiona unaandika "mpya halisi 2", simama, safisha kwanza.

Ya nne, nayo ndiyo kubwa: ukinakili, nakili nyumba. Kila Ijumaa naichukua ile folda kubwa yenyewe ya PAROKIA kutoka kabatini, naiweka katika flashi mbili. Moja hukaa ofisini ndani ya kabati lenye kufuli, nyingine hutunzwa na Baba Paroko nyumbani. Kisha sitosheki kwa kuona vipicha. Naichomeka flashi kwenye kompyuta nyingine, nafungua faili mojawapo, nasoma mistari miwili mitatu. Kama inasomeka kule, ndipo nasema imehifadhiwa.

Huenda msomaji akasema: haya ni ya maofisini, sisi wakulima yatuhusu nini? Yanakuhusu, ndugu. Mwanao amekupigia picha hati ya shamba, vyeti vya shule na kadi za kliniki za watoto, akakuambia, "Baba, vyote nimeviweka kwenye kompyuta." Mwambie akuonyeshe vilipo. Mwambie avitie katika folda moja yenye jina la nyumba yenu, kisha aweke kibao kimoja mezani ili hata mama akiwa peke yake aweze kuvipata. Na mwulize mara moja tu: "Ulichonakili ni nyumba, au ni kibao?" Naye akicheka, mpe habari zangu.

Mwaka huu yule mzee alirudi. Safari hii alitaka cheti cha mdogo wake yule binti. Nilimwamkia, nikamvutia kiti, nikabonyeza vitufe vitatu. Jina likatokea pamoja na kitabu, ukurasa na namba. Nikakiteremsha kitabu chenyewe, nikalinganisha, nikaandika cheti, Baba Paroko akatia sahihi na muhuri. Tulipotoka nje, gari la mnadani lilikuwa bado lapakia magunia.

Mzee alikikunja cheti, akakitia ndani ya kofia yake, akanipa mkono. "Mwanangu," akasema, "leo nitakula kwangu."

Ni mimi ndugu yenu,
Karani wa Parokia