Mwanangu Amefanya Nini Tena?

Tampere, Novemba

Dada,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa ndani ya basi, abiria wenzangu kimya kama wako msibani. Unasema uliita kikao cha wazazi wa darasa la pili, watoto 84, wakaja wazazi 11, tena wale wale wa siku zote. Ukamalizia: "Wazazi wa siku hizi wametutupia watoto." Hapo niruhusu mdogo wako nikubishie.

Unamkumbuka baba? Miaka yetu yote saba alifika shuleni mara moja, siku niliyovunja kioo cha ofisi. Barua ilipomfikia hakuuliza shule inataka nini. Aliuliza, "Amefanya nini?" Akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akaenda, akarudi hasemi na mtu. Kwetu shule ikikuita, ujue ni mashtaka au ni mchango wa uji. Nani akimbilie kikao cha namna hiyo?

Hofu ile nilikuja nayo huku Ufini. Shule nyingi hapa zinatumia mfumo wa mtandaoni uitwao Wilma: utoro, kazi za nyumbani, neno la mwalimu, vyote hupitia humo. Kijana wangu alianza darasa la kwanza Agosti, maana huku mtoto huanza mwaka anaotimiza miaka 7. Wiki ya tatu simu ikalia, ujumbe wa mwalimu. Nikaukwepa siku mbili. Nilipojikaza kuufungua, kumbe anasema mwanangu amemsaidia mwenzake kufunga zipu ya koti. Basi. Hakuna ombi wala onyo.

Tena aliandika kwa sentensi tatu fupi. Kuna Kifini kilichorahisishwa makusudi, wanakiita selkokieli, na hata ofisi za serikali hukitumia kwa watu ambao lugha inawapa tabu. Nikazikumbuka barua za shule za kwetu: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Bibi wa watu analea mjukuu, ahusike na kichwa kipi?

Oktoba mwalimu yule yule akaandika kwamba kijana anasukuma wenzake kwenye foleni ya chakula. Safari hii nilijibu usiku ule ule.

Wiki iliyopita nikaitwa kwenye mazungumzo ya tathmini. Saa kumi jioni, nje giza limeanza kuingia. Tulikuwa wanne: mwalimu, mimi, kijana mwenyewe, na mkalimani kwenye spika ya simu, ambaye mzazi hamlipi. Alikuwa mama wa Kikongo. "Mwalimu anasema mutoto yako iko na akili." Nilijiuma mdomo nisicheke, lakini dada, moyo ulifurahi kusikia Kiswahili, hata hicho cha Bukavu.

Aliyefungua mazungumzo ni mtoto. Alikuja na karatasi aliyoijaza darasani, imechorwa nyuso ndogo, za kucheka na za kununa. Mbele ya "Ninangoja zamu yangu" alikuwa amepaka rangi nyekundu uso ulionuna. Amejishtaki mwenyewe! Nikafungua mdomo nimkaripie. Mwalimu akaniwahi: nyumbani kwenu mnangojeana vipi zamu? Nikakosa jibu, kwa sababu kwangu anayepiga kelele zaidi ndiye anayepakuliwa kwanza.

Najua utasema mwalimu huyo ana watoto 21. Ni kweli. Na sheria yao ya elimu ya msingi ya mwaka 1998 inaitaka shule ishirikiane na nyumbani, na mkataba wa walimu umetenga saa za kazi hiyo. Wewe na watoto 84, ukimaliza kusahihisha jua limezama. Sikuambii uige Ufini. Wilma yenyewe ikibeba makosa matupu, mzazi huzima mlio wa simu, akawa kama baba tu.

Ndiyo maana kundi la WhatsApp unalotaka kulifungua linanitia wasiwasi. Bibi anayelea mjukuu ana kitochi kisicho na WhatsApp. Na siku mtoto atakapotajwa humo kwa kosa, mtaa mzima umeshasikia.

Badala ya kundi hilo, daftari unalo tayari. Chagua watoto watatu kila siku, nyuma ya daftari la kila mmoja andika mstari mmoja wa jambo zuri uliloliona kwa macho yako. Usiandike "anajitahidi", hiyo ni ya ripoti. Andika kwamba leo amesoma neno "ng'ombe" bila kusaidiwa. Watatu kwa siku, siku 28 za shule umewamaliza wote. Bibi hajui kusoma? Mjukuu atamsomea sifa zake mwenyewe, na hayo si ndiyo mazoezi ya kusoma mnayohangaika nayo kila siku kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu?

Anza na mjukuu wa yule muuza maandazi uliyeniambia hajawahi kukanyaga shuleni. Bibi akija, siku hiyo usimtajie uji wala dawati. Mpe kiti, muulize mtoto hupenda nini nyumbani. Halafu uniambie alikuja amevaa nini.

Wasalimie wote. Mdogo wako.