Kutoka Vitengeni Hadi Baharini: Usisahau Leso Kavu

Ukisikia Kilifi ikitajwa, bila shaka mawazo yako hukimbilia mchanga mweupe, minazi na mawimbi. Lakini Kilifi ina sura mbili. Iache barabara kuu ya Mombasa na Malindi, uelekee bara hadi upande wa magharibi wa msitu wa Arabuko-Sokoke, nawe utafika Vitengeni. Huko huoni wimbi wala mashua. Utaona mibuyu na mikanju, mashamba ya mahindi na mihogo yanayongoja mvua, na akina mama wanaotoka kuteka maji wakiwa na mitungi kichwani.

Huko ndiko kwa wakwe zangu. Sisi twaishi Nairobi, na kila tupatapo nafasi wakati wa likizo huwapeleka watoto wakamwone nyanya yao, ambaye wao humwita hawe, kama wafanyavyo Wagiriama. Na kila tufikapo, hata kabla ya mizigo kushushwa, watoto huwa na swali moja tu: "Baharini twaenda lini?"

Mwaka mmoja, katika likizo ya Agosti, tuliwaitikia. Tulikodi matatu, tukawapakia wetu watatu pamoja na binamu zao wa Vitengeni, na hawe akaja nasi ili awaangalie. Tuliondoka tumechelewa, na tulipofika ufuoni Kilifi jua lilikuwa tayari utosini. Tulikuwa na mipira, chakula, na taulo moja kubwa. Mimi nilijiona nimejiandaa vyema. Pwani kuna joto, nikawaza, nani atahitaji taulo ya pili?

Watoto walicheza majini kwa furaha isiyo kifani. Wale wa Vitengeni, waliozoea kupimiwa maji ya kuoga kwa kata, walisimama kwanza wakishangaa wingi wa maji yasiyonyweka, kisha nao wakatumbukia. Baada ya muda upepo ukazidi. Binti yetu mdogo, wa miaka mitatu, akatoka majini na kusimama kando yangu. Taulo yetu ilikuwa imekwisha lowa na kujaa mchanga, maana kila mtoto alikuwa ameitumia. Nikamwambia, "Simama hapo juani, utakauka tu."

Alisimama. Meno yakaanza kugongana. Midomo ikageuka zambarau. Kisha yule mtoto ambaye tangu asubuhi hakuwa amenyamaza hata dakika moja akanyamaza kimya, akinitazama tu. Hapo nikaingiwa na hofu, nami sikujua la kufanya.

Hawe alikuwa ameketi chini ya mvinje. Huyu ni mama ambaye hajaogelea maishani mwake. Mimi hakuniambia neno, kwa kuwa mkwe haamrishwi, alimwambia bintiye, "Mvueni hizo nguo mbichi." Akafungua fundo la leso yake ya juu, iliyokuwa kavu, akamkausha mtoto kichwa kwanza, kisha kwapani na mgongoni. Akamlaza kifuani pake, akamfunika na kumgeuzia upepo mgongo. Tukaleta uji uliokuwa kwenye themosi, mtoto akanywa kidogo kidogo. Haikupita nusu saa akaanza kuulizia mahamri.

Mpenzi msomaji, siku ile nilijifunza kwamba adui wa mtoto anayeogelea Pwani ni upepo unaomngoja anapotoka majini. Nitakueleza kwa nini.

Unaujua mtungi wa udongo uwekwao penye upepo ili maji yapoe? Maji hupenya ukutani mwake, hukauka kwa nje, na katika kukauka hubeba joto la mtungi. Mtoto aliyelowa akisimama upeponi huwa kama mtungi huo. Kila tone linalokauka juu ya ngozi yake huondoka na joto lake. Tena mwili wake ni mdogo, hivyo ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, na joto humtoka upesi kuliko wewe mtu mzima. Kichwa cha mtoto mchanga nacho ni sehemu kubwa ya mwili wake; ukikiacha kibichi, umeacha mlango wazi.

Wala usidanganyike kwamba bahari ya joto haimpozi mtoto. Mwili wa binadamu una nyuzijoto 37. Bahari ya Malindi na Kilifi huwa na takriban 28 au 29 mwezi wa Machi, na hushuka hadi kama 25 wakati wa Julai na Agosti. Maji huchota joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Kwa hiyo hata katika maji unayoyaona matamu, mtoto anapoteza joto polepole. Upepo huja tu kuimaliza kazi hiyo.

Ndiyo maana yafaa kuzijua pepo zetu. Kuanzia Aprili hadi Oktoba huvuma kusi, nayo huwa kali zaidi kati ya Juni na Agosti. Kuanzia Novemba hadi Machi huvuma kaskazi, na bahari huwa tulivu na yenye joto. Likizo ya Desemba basi ni rafiki wa watoto wadogo. Ikiwa huna budi kwenda Agosti, damka. Upepo aghalabu huwa mpole asubuhi na huongezeka kadiri jua linavyopanda.

Ulizia pia habari za kupwa na kujaa kwa maji. Mvuvi yeyote atakwambia, na kumbuka kwamba saa hizo husogea mbele kwa kama dakika hamsini kila siku. Maji yanapokupwa, huacha vidimbwi ndani ya mwamba, navyo hupashwa joto na jua. Hapo ndipo mahali pa mtoto wa miaka miwili au mitatu, nawe ukiwa umekaa naye papo hapo, mkono wako ukimfikia. Maji yakianza kujaa, mtoe.

Sasa mizigo. Kila mtoto na awe na leso mbili: moja ya kumkausha, nyingine ya kumfunika. Leso ya pamba hunyonya maji vizuri, haina uzito kama taulo, na ukiianika upeponi hukauka upesi. Iteue mpya? La! Iliyokwisha fuliwa mara nyingi ndiyo hunyonya zaidi. Nguo kavu zitie ndani ya ndoo yenye kifuniko, zisifikiwe na mchanga wala manyunyu ya mvua. Usitafute mfuko wa plastiki wa kubebea, kwani nchini Kenya ulipigwa marufuku mwaka wa 2017. Chupa za plastiki za kutupa nazo zilikatazwa katika mbuga na fuo zilizohifadhiwa tangu Juni 2020, kwa hiyo chukua themosi. Mkishavaa, ndoo yenyewe itabeba nguo mbichi kurudi nyumbani.

Mtoto akitoka majini, usimkaushe akiwa bado na nguo za kuogelea. Mvue kwanza. Kama ana nepi, itoe, kwani nepi iliyojaa maji ni kama barafu tumboni. Mkaushe kichwa, kisha mwili, mvike fulana kavu, ndipo umpe chakula. Uji au chai ya tangawizi iliyo vuguvugu humsaidia, lakini chai isiwe moto sana. Dakika kumi na tano hadi ishirini majini zamtosha mdogo. Apumzike akiwa mkavu, ndipo arudi akitaka.

Na dalili za hatari? Kutetemeka ni onyo la kwanza: mtoe papo hapo, hata akilia. Mtoto aliyepoa sana huweza kuacha kutetemeka, akawa mlegevu, mwenye usingizi, asiyejibu vizuri. Usifikiri kwamba amepona. Mkaushe, mlaze kifuani pako ngozi kwa ngozi, mfunike nyote wawili, na umwahishe hospitali.

Usisahau safari ya kurudi. Kutoka ufuoni hadi Vitengeni si karibu, na wengi humaliza mwendo kwa bodaboda jioni. Mtoto mwenye nywele mbichi juu ya pikipiki atapigwa na upepo kuliko alivyopigwa ufuoni. Asipande chombo chochote kabla hajakauka.

Neno la mwisho ni kwa wageni wa Vitengeni. Mvua zikinyesha, mabwawa hujaa, na mtoto wa mjini akiyaona huona kidimbwi cha kuogelea. Mkataze. Katika maji yaliyotuama Pwani kuna konokono wanaoeneza kichocho, matope huficha kina, na zaidi ya yote, maji hayo yana wenyewe: ni ya kunyweshea mifugo na ya matumizi ya nyumbani. Kuogelea na kungoje safari ya baharini.

Tangu siku ile tumerudi ufuoni mara kadhaa, na kila mara ndoo ya leso huwa ndiyo mzigo wa kwanza kupakiwa. Binti yetu sasa huikagua mwenyewe. Hawe bado hajaingia majini. Hukaa chini ya mvinje, akiwa na leso kavu mapajani, akiwahesabu wajukuu wanapotoka mmoja mmoja. Nawe, msomaji, ukiwapeleka wako, hakikisha yupo mtu wa namna hiyo. Nakutakia likizo njema.