Chozi wa Bustani ya Mimea

Mjukuu wangu aliambiwa shuleni achore ndege. Akachora kunguru: mwili mweusi, shingo ya kijivu, kasimama juu ya pipa la taka. Nikamwuliza, "Na ndege wengine?" Akanitazama kwa mshangao. "Wapi, bibi?"

Swali lile lilinikosesha raha siku mbili. Sisi tulikulia Upanga, Dar es Salaam, na msimu wa kaskazi, shule zikifungwa, asubuhi zetu zilikuwa za Bustani ya Mimea. Nasema 1973, dada yangu anashikilia 1974, maana anakumbuka alikuwa ameshaanza darasa la kwanza. Na iwe hiyo yake.

Palikuwa na mzee mmoja wa kumwagilia, kaptula ya kaki, mpira wa maji begani. Hakutufukuza hata siku moja. "Kaeni chini," alituambia, "watakuja wenyewe." Tukachuchumaa kando ya kidimbwi kilichoachwa na mpira wake, nyenje wakilia mitini hadi masikio yanaziba, udongo uliolowa ukinukia. Kweli wakaja kerengende wekundu, wakagusa maji kwa ncha ya mkia, wakainuka, wakagusa tena. Wanataga, akatueleza. Siku nyingine aliinua tawi kwa kidole kimoja, taratibu, akatuonyesha kiota cha chozi: kifuko kinaning'inia, mlango ubavuni, majani makavu yameshikanishwa kwa utando wa buibui. Akatukataza kugusa, mama mtu yuko karibu.

Bustani ile ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Miaka hiyohiyo ya 1890 ndipo kunguru hawa wa shingo ya kijivu walipoletwa Unguja kutoka Bara Hindi, wasafishe taka za mji. Wakaenea hadi kwetu. Wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo, nasi tunawanenepesha kwa majalala yasiyozolewa. Hilo linaniudhi mno: tunawategea sumu, taka tunaziacha palepale.

Kisha nikaolewa, nikazaa, nikahama, magorofa yakapanda. Nilipokuja kugutuka, yule kunguru wetu wa kifua cheupe simwoni tena mjini.

Jumamosi nilimpeleka mtoto bustanini. Tukachuchumaa karibu nusu saa. Chozi dume akatua kwenye ua jekundu, akazamisha mdomo wake uliopinda, kichwa kinameta kijani.

"Anaitwaje?"

"Chozi."

"Kwani analia?"

Sijajibu, kunguru wawili wakatua juu yetu, chozi akapotea. Nikainuka, nikampa mkono twende. Hakuupokea.

"Tukae, bibi. Atarudi."