Vipepeo wa Buluu Nyuma ya Jiko Letu

Watu wengi wakitajiwa wanyama wa Tanzania hukumbuka simba na tembo tu. Lakini kwetu Lugarawa, wilaya ya Ludewa, hatuna haja ya kusafiri hadi Serengeti ili tuone maajabu. Nyuma ya jiko letu kuna kishamba cha njegere, na humo, wakati wa likizo ya mwezi wa Juni, niliwapiga picha vipepeo wadogo wa buluu kwa simu ya kaka yangu.

Kipepeo huyu akifunga mabawa hapiti sana ukucha wa kidole gumba. Dume ana buluu yenye zambarau. Jike ana kahawia zaidi. Kumpiga picha ni kazi ya subira. Asubuhi ya baridi hawezi kuruka mpaka apate joto la jua, basi hukaa juu ya jani na kufungua mabawa. Hapo ndipo nilipomsogelea kwa magoti, nikichunga kivuli changu kisimwangukie.

Picha hizo zilinifunza mengi. Kila bawa la nyuma lina mkia mwembamba kama unywele, na kando yake madoa meusi mfano wa macho. Adui hudhani hapo ndipo penye kichwa, akauma pasipo na uhai. Katika picha moja kipepeo amenyofolewa kipande hicho hicho, naye yu mzima, anafyonza utamu wa ua.

Lakini mama hakufurahi. Jike hutaga mayai juu ya maua ya njegere, na kiwavi akikua hutoboa ganda akala punje zilizomo. Njegere hizo ndizo zinazoninunulia sabuni, madaftari na kunilipia nauli ya kurudi shuleni. Mama akaniambia, "Mwanangu, uzuri wake haununui sabuni." Akakusudia kununua dawa na kuinyunyiza shamba zima.

Nilimjibu kwa adabu kwamba dawa haichagui. Ingewaua na nyuki wa mizinga ya babu. Kisha nikamwonyesha picha ya ganda lililotobolewa, ili aone jinsi tundu lenyewe lilivyo. Tukapatana kwamba kila jioni mimi na wadogo zangu tuyachume maganda ya namna hiyo tuwape kuku. Siku ya kwanza tulijaza sufuria ndogo. Juma la mwisho tulipata kikombe kimoja tu.

Mama hakununua dawa, ila amesema msimu ujao ataangalia tena. Nami nawaomba wenzangu, mtakapokwenda likizo, myatazame maua ya njegere na maharage asubuhi, kabla jua halijapanda. Mwenye kumjua mdudu kwa sura na kwa mwenendo wake ndiye awezaye kuamua vyema la kumfanya.